Moshi wa Rangi ya Mawese

Kavugho na mume wake Ézéchias walikuwa wapasua mawe. Waliishi Vulamba, mjini Butembo, pamoja na binti yao Joyeuse. Kila asubuhi walikunywa chai, wakala viazi vilivyobaki jana, kisha wakapanda na nyundo zao hadi machimbo ya mawe. Huko walipasua mawe kuwa kokoto, na wajenzi walikuja kuzinunua.

Machimbo yale yalikuwa na desturi yake. Mara moja kwa juma, fundi wa baruti aliyeitwa Malachie alilipua mwamba. Mwamba ukishapasuka, mawe yalikuwa ya yule anayewahi. Ulitupa kitambaa chako juu ya jiwe, nalo likawa lako. Hata mwizi wa kuku hakuthubutu kugusa jiwe lenye kitambaa cha mwenzake.

Kwa hiyo watu walikimbia, na katika mbio hizo Ézéchias hakuwa na mpinzani. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, shemasi wa kanisa, mtu mpole. Lakini baruti ikilia, ushemasi aliuacha juu ukingoni mwa shimo na kushuka bila huo.

Siku moja Malachie alijaza baruti ndani ya matundu ya mwamba, akaiacha ilale humo. Usiku mvua ikanyesha sana. Kesho yake, saa nne asubuhi, akailipua. Safari hii moshi haukuwa mweupe. Ulikuwa mwekundu wa rangi ya mafuta ya mawese, na haukupanda. Ulitambaa chini, ukajaa shimoni.

"Papa Joyeuse, ngoja kwanza," Kavugho alisema. "Ile moshi haiko sawa ya siku zote."

"Nikingoja, banabeba mawe yote," Ézéchias alijibu, na huyo akatimka.

Wengine walipofika ukingoni, harufu kali iliwachoma pua, wakarudi nyuma. Yeye alipita. Alitokea baadaye akikohoa, macho yakimtoka machozi, lakini vitambaa vyake vitatu vilikuwa juu ya mawe matatu makubwa. Watu wakamcheka na kumsifu. Mama mmoja, Mariette, akampa kikombe cha maziwa.

"Kunywa, papa. Maziwa inafukuza sumu," alisema.

Akanywa. Kikohozi kikapungua, akapasua mawe yake hadi saa nane. Lakini walipokuwa wakirudi nyumbani, Kavugho aliona jambo. Mume wake alisimama mara mbili kupumzika, na mteremko wenyewe ulikuwa ule wa kila siku. Walipofika alimwekea fufu, akatoka kutafuta ushauri.

Jirani yao, Yolande, alikuwa muuguzi wa serikali kutoka Kasai. Kabla ya kutumwa Butembo, alifanya kazi miaka sita katika zahanati ya mgodi mkubwa, upande wa Kolwezi. Kavugho alimkuta anafua nguo, akamweleza yote.

"Ilikuwa rangi gani, ile moshi?" Yolande aliuliza.

"Sawa mafuta ya mawese."

Yolande aliacha nguo ndani ya beseni. "Alivuta saa ngapi?"

"Saa ine ya asubuhi. Mais alikohoa kidogo tu, Madame. Sasa anakula fufu."

"Njo vile inadanganyaka bantu. Ile moshi inaingia mu mapafu, inakaa kimya. Mutu anakula, anacheka. Kiisha masaa mingi, mapafu inaanza kujaa maji. Inaweza kuanza leo, inaweza kuanza kesho. Kule Kolwezi niliona mutu alirudia kwake na miguu yake. Asubuhi balimukuta amekufa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Kavugho aliuelewa msemo huo siku hiyo. Wakaingia ndani kwa Ézéchias.

"Madame, niko muzima," alisema, mkono ukiwa bado kwenye fufu. "Nilikunywa maziwa."

"Maziwa inaenda ku tumbo, papa. Moshi ilienda ku mapafu. Njia yabo ni mbili. Twende ku centre de santé, bakuangalie mpaka kesho."

"Bantu batasema nini? Shemashi amelazwa sababu ya moshi?"

"Batasema shemashi iko na bibi wa kichwa nguvu," Kavugho akajibu. "Vaa viatu."

Ézéchias alitaka kwenda kwa miguu, Yolande akakataa. Mtu aliyevuta moshi ule hapaswi kujichosha, kwa sababu kuchoka huzidisha shida ya mapafu. Wakamkalisha wima juu ya pikipiki ya kukodi.

Walifika kwenye kituo hicho cha afya saa kumi. Yolande alimwambia daktari rangi ya moshi na saa ambayo mgonjwa aliuvuta. Daktari akamwekea kidoleni kifaa cha kupima hewa mwilini. Hali haikuwa mbaya bado, na Ézéchias akamtazama mke wake kama mtu aliyeshinda kesi.

Kesi hiyo hakuishinda. Ilipokaribia saa kumi na mbili alianza kuhema. Akakohoa, na povu likatoka mdomoni. Wauguzi walikuwa karibu. Wakainua kichwa cha kitanda, wakampa oksijeni na dawa. Kavugho aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alishika miguu ya mume wake na kuomba, akijua kwamba kama wangebaki nyumbani, saa ile angekuwa anakufa. Siku mbili zilipita hivyo. Siku ya tatu pumzi ikaanza kutulia.

Ézéchias aliporudi nyumbani, Malachie alikuja kumpa pole na maparachichi. Alikaa mlangoni, macho chini.

"Kosa ni yangu," alisema. "Baruti ililala mu maji."

"Njo ilileta ile rangi," alisema Yolande, ambaye naye alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa. "Baruti ikilowana, ao ikiharibika, haiungue muzuri. Donc, tundu ikiwa na maji, unatoa maji yote inje, ao unatafuta baruti yenye haiogope maji. Na unajaza siku ile ile ya kulipua. Usiilalishe."

"Na kama rangi haiko, tunaweza kuingia?" Malachie akauliza.

"Hapana. Kuko moshi ingine haina rangi, haina harufu. Inaumisha kichwa, inaangusha mutu. Inajificha mu shimo. Kule Kolwezi tulingojaka upepo isafishe shimo, kiisha mutu mwenye chombo ya kupima hewa anatangulia. Ombeni ile chombo ku bureau ya mines. Na bantu basimame mbali, kule upepo inatokea. Moshi ikibafuata, batoke ku njia yake, bapite pembeni. Kitambaa ya maji ku pua haisaidie."

Malachie akaitikia kwa kichwa. "Yote nitafanya, Madame. Mais bantu batakimbia tu. Kitambaa njo sheria."

"Basi tubadilishe sheria," Kavugho akasema. "Moshi njo inaua, mais kitambaa njo inatutuma mule. Tupige kura ya mawe. Kila mutu atapata jiwe yake, hata akitembea polepole sawa kinyonga."

Wote wakamgeukia Ézéchias, maana sheria ya zamani ilimlisha yeye kuliko wengine.

"Hata mitume balipiga kura," akasema.

Pale machimboni watu walibishana asubuhi nzima, lakini habari ya povu ilikuwa imewafikia, na sheria ya kura ikakubaliwa. Malachie akasimika mti wenye kitambaa juu, uonyeshe upepo unatoka wapi. Kila mara alikausha matundu kabla ya kujaza baruti, na moshi ukawa mweupe juma baada ya juma.

Kisha siku moja rangi ile ilionekana tena. Tundu moja lilikuwa na maji ambayo Malachie hakuyaona. Upepo ukageuka, moshi ukaanza kuja upande wa watu. Malachie akapiga filimbi. Watu walipita pembeni hadi mgongo wa kilima, wakakaa. Hakuna aliyeshuka. Mariette alilalamika njaa, akalalamika jua, lakini alilalamika akiwa ameketi.

Moshi ukaisha kabisa. Wakaongeza muda mwingine wa kungoja. Ndipo Malachie, aliyekwisha kupewa na ofisi ya madini kile chombo cha kupima hewa, akatangulia nacho polepole na kuwaita.

Kura ikapigwa. Ézéchias akapata jiwe baya kuliko yote, gumu, lililojaa udongo. Alilizunguka mara mbili na kuguna.

"Hii jiwe itatumalizia nyundo," alisema.

"Nyundo tutanunua ingine," Kavugho akajibu.

Ézéchias akacheka, akavuta pumzi ndefu, akainua nyundo. Kavugho hakupiga jiwe lake mara moja. Alisikiliza kwanza ile pumzi ikiingia na kutoka, nzima.