Mpunga wa Nkambo Numbi

Kila siku akitoka shule, Mignonne alivua sare na kwenda bondeni kufukuza ndege katika mpunga wa bibi yake, Nkambo Numbi. Waliishi Mutshatsha tangu walipohamishwa kutoka karibu na mgodi wa Mutoshi. Alikumbuka jinsi mambo yalivyoanza kule: wageni walichukua udongo katika vifuko vidogo, wakatabasamu, wakaondoka. Kisha mashine zikaja kuchimba madini, na wao wakaondolewa.

Kwa hiyo alipomkuta mwanamke mgeni akitia punje za mpunga wao kwenye kifuko, alisimama palepale.

“Mi naitwa Kanku, mtafiti wa mpunga,” mgeni alisema. “Nkambo ameniruhusu.”

Mignonne alimtazama usoni. Mbona anatabasamu sana? Kanku alipoenda kunawa mtoni, na dereva wake Modeste akiwa chini ya gari akikaza nati, Mignonne alikichomoa kifuko kwenye sanduku la Kanku lililokuwa kando ya gari, akakificha ndani ya nguo.

Wakati wa kuondoka, Nkambo na majirani walikuja kuwaaga wageni. Kanku alifungua sanduku. “Mbegu haiko! Tata Modeste, ni wewe peke yako ulibaki hapa.”

“Mi sikugusa kitu, mama.” Modeste alianza kugeuza mifuko ya suruali yake mbele ya majirani.

Mignonne hakuweza kutazama. “Ni mimi!” alisema. “Bale ba Mutoshi nabo balianza na bifuko bidogo!”

Kanku alichuchumaa mbele yake. “Mi nimezaliwa Kolwezi, karibu na migodi hiyo, najua. Lakini mpunga tunausoma ili kuelewa hata mahindi na mtama, kwani ni mimea ya ukoo mmoja. Mbegu hii itakaa kwenye ghala la watafiti wote. Anayeihitaji anaomba, anapewa, na anachogundua anawaambia wenzake.”

“Na sisi tukipoteza mbegu yetu?” Nkambo aliuliza kwa ukali.

“Mtaomba, mtapewa.” Kanku akatoa mpunga mwingine. “Huu ulitolewa na wakulima wa mbali. Unavumilia jua. Pandeni, mjionee.”

Nkambo alinusa punje, akavunja moja kwa meno, akaitazama ndani. Hatimaye akasema, “Mignonne, murudishie mbegu. Na umuombe Tata Modeste musamaha.”

Mignonne alirudisha kifuko, kisha akampa Modeste mikono yote miwili. “Unisamehe, tata.”

“Imeisha, mwanangu,” Modeste alijibu. Kanku naye akamwomba dereva wake radhi kwa kumshuku.

“Kushuku si kosa,” Nkambo alimwambia mjukuu wake. “Tumeona mengi. Lakini ukishuku, uliza waziwazi. Ukiiba na kunyamaza, mutu mwingine anabeba aibu yako.”