Kidole Kilichowaka

Kila alasiri, baada ya kuvua sare, Kijino hufagia duka la shangazi yake. Wiki ile alifagia moyo haupo. Madimbwi sita ya mwambani yalikuwa yameshafukiwa mawe na wajenzi wa barabara ya pwani. Lilibaki moja, na Ijumaa mkaguzi angekuja shuleni kuamua kama nalo lifukiwe.

"Wanasema halina kitu," mwalimu wa sayansi alimwambia, akimpa simu yake. "Wapo viumbe wa baharini wanaowaka rangi wakimulikwa taa ya zambarau. Tuletee picha, mwanangu."

Taa ya zambarau ilikuwepo: ile ya shangazi ya kukagulia noti bandia. Siku tatu mfululizo, maji yalipokupwa, Kijino alijifunika shuka jeusi juu ya dimbwi, akamulika, akapiga. Picha zote zikatoka giza.

"Umepiga picha za makaa?" kaka yake alimcheka.

Alhamisi, machozi yakimlenga, alitoa kalamu yake ya njano ya kung'arisha maandishi. Akamfuta maji konokono mmoja wa dimbwini, akampaka mgongoni. Alipommulika, konokono aliwaka kama taa ya barabarani. Akapiga.

Jioni dukani alimpa shangazi noti ya mteja aikague. Taa ilipowashwa, kidole cha Kijino kikawaka njano.

"Ehe! Nacho kimevuliwa baharini?"

Kijino akaangua kilio. "Nisingempaka konokono rangi wangelifukia dimbwi, shangazi!"

"Na mkaguzi akimfuta konokono wako? Hata picha ya kweli hataiamini tena. Futa hiyo ya konokono. Kesho alfajiri tunakwenda wote."

Alfajiri walimwosha konokono kwanza. Kisha shangazi akaegemeza simu juu ya kopo ili isitikisike. Walipiga hadi miguu ikafa ganzi. Ikatoka picha moja tu: mnyama laini kama ua, duara la kijani lisilozidi kifungo cha shati.

Shuleni, mkaguzi aliitazama. "Hiki tu?"

"Hiki tu," Kijino alijibu. "Konokono nilimpaka rangi, nikamfuta. Hiki sikukigusa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mkaguzi akasema, "Nipeleke."

Chini ya shuka jeusi alikaa kitambo. Alipotoka, magoti yamelowa, aliandika: *Dimbwi hili liachwe.* Yale sita hakuna aliyeweza kuyafukua.

"Taa hii haina huruma, mama," shangazi alisema wakirudi. "Bandia inaiumbua hata ikimeremeta. Na kweli inaionyesha, hata ikiwa ndogo kama kifungo."