Mvuvi wa Jiwe Bustanini kwa Javan

Samaki mmoja alikutwa sakafuni jikoni, mbali na kidimbwi, akiwa bado anapumua. Phelesia, mpishi, akamsingizia paka, ingawa nyumba ile haikuwa na paka.

Kidimbwi kilikuwa fahari ya Javan, mwenye duka Homa Bay. Uhuru ulipokuja tu, naye akataka bustani kama za wazungu waliokuwa wakifungasha, akamleta Mochama, mchongaji kutoka Kisii, amchongee mvuvi wa jiwe wa kusimama majini. Mochama alipokwama kwenye uso, Phelesia akamweleza uso wa marehemu mumewe, Cephas, aliyezama ziwani karibu na kisiwa cha Mfangano na mwili usionekane. Wazee walitaka kuzika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili, kama Waluo wanavyofanya. Phelesia, Msabato mpya aliyebatizwa juzi, alikataa katakata. Sasa Maurice wa Sori alikuwa tayari kumwoa, na wiki hiyo angehamia kwake.

Hakuhama. Alifika langoni mchana kweupe, akasikia harufu ya nyavu mbichi, na kufumba na kufumbua akajikuta kidimbwini, maji magotini, mvuvi akimtazama. Akajaribu kupitia uani, akajaribu kukimbia huku akiimba wimbo wa kanisani, akajaribu akiwa ameshikwa mkono na Mochama, na kila mara njia ilimrudisha palepale majini, na kila mara uso ule wa Cephas ulikuwa umegeuka kidogo zaidi kumwelekea, hata akaogopa kukaa, akaogopa kulala, akaogopa maji ya kunywa. Alikuwa amefungwa, na alijua.

Javan akamwita Leonida, mganga. Mama huyo alinusa maji, akaketi chini.

"Nyathina, mwanangu, bwana yako alikosa kaburi," alinong'ona. "Ukamnyima tunda, halafu ukampa mwili wa jiwe. Sasa ako na mwili, anataka bibi."

"Nifanye nini, mama?"

"Tumzike leo. Na wewe umlilie."

Wakamng'oa mvuvi wa jiwe, wakamzika nyuma ya nyumba. Phelesia akalia kilio cha kweli, cha kwanza tangu Cephas afe, na Leonida akamwambia sasa aende zake.

Njia ya langoni ilipita kando ya kidimbwi. Pale aliposimama mvuvi, mwanamke wa jiwe alikuwa amechomoza kutoka matopeni. Uso ulikuwa wa Phelesia, imebaki midomo tu kuchongwa.

"Dada, mimi nilichonga moja tu," Mochama alisema kwa sauti ya chini.

Phelesia akataka kumjibu, akakuta midomo yake haiachani, baridi kama jiwe.