Faili ya Kusoma Tu

Jumamosi, saa nne asubuhi. Nyakoe, chumba cha nyuma ya kinu cha mahindi. Kinu kilinguruma; hata ungetubu dhambi zako kwa kelele, jirani asingesikia.

"Onyiego mwenye stoo na soja wake ni Wasabato," Machogu akasema. "Wako kanisani mpaka saa sita unusu. Stoo ina katoni thelathini za simu mpya. Mama kompyuta, mlango je?"

Persis akageuza laptopu. "Mlango unasoma kadi, unatafuta namba kwenye faili moja ndogo. Ikiwamo, unafunguka kabla hujapepesa jicho. Kuingia kadi, kutoka kadi. Faili yenyewe ni ya kusoma tu. Huchomeki namba, hufuti. Unaunda nyingine nzima, unaiweka mahali pa ile."

"Tumekuja shule?" Ronny, dereva, akacheka. "Sisi tumo ama hatumo?"

"Mmo nyote wawili."

Kweli walikuwamo. Ila Persis alikuwa ameunda faili mbili.

Mwaka uliopita, kule Marani, Machogu alishusha mlango wa duka walilokuwa wakiiba, mwenzake Ogari akiwa bado ndani, ili umati upate wa kuanza naye. Ogari alizikwa jeneza halijafunguliwa. Machogu hakujua marehemu ana dada, ameolewa Nyaramba.

Saa tano na nusu. Kisii mjini. Kadi ya Machogu, mlango wazi. Kadi ya Ronny, wazi. Machogu akatoa katoni kwenye rafu, Ronny akabeba, akatoka, akarudi.

Saa sita na dakika ishirini na nane. Ronny akatoka na katoni ya mwisho. Mlango ukajifunga. Kule Nyakoe, Persis akaweka faili ya pili.

Simu ikalia.

"Mlango umenikataa. Taa nyekundu."

"Namba yako haimo."

"Si uiongeze, dada yangu."

"Nilikuambia asubuhi. Haiongezwi."

Akamsikia akipiga chuma kwa ngumi. "Ronny anawasha gari. Huyu mjinga anaenda bila mimi."

"Amefundishwa na nani kuacha mtu ndani?"

"Wewe ni nani?"

"Dadake Ogari."

Nje ya stoo waumini walikuwa wameanza kupita, wakasikia chuma kikigongwa. Mmoja akaita mwizi. Wengine wakaitikia.

"Unda nyingine basi," Machogu akanong'ona. "Nakuomba, mwana wa mama. Inachukua muda gani?"

"Sekunde moja," Persis akasema.

Akafunga laptopu. Simu hakuikata.