Miguu ya Mke wa Fundi

Fundi viatu hakuwa na duka. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ukiingia, harufu ya ngozi na gundi ilikupokea kabla mwenyewe hajakuambia karibu. Alikaa kwenye kigoda kifupi, nyundo mkononi, misumari midogo imebanwa kwa midomo. Kwa sababu ya misumari hiyo hakuweza kusema. Wateja walizoea kuongea peke yao, naye akawajibu kwa nyusi.

Ukutani zilining'inia kalibu. Kalibu ni umbo la mguu lililochongwa kwa mti. Fundi huvisha ngozi juu yake, akaigonga na kuishona mpaka iwe kiatu. Kalibu za ukutani zilikuwa za watu wote. Lakini jozi moja ilikaa peke yake juu ya kabati, imepakwa mafuta, inang'aa. Hiyo ilikuwa ya mkewe. Fundi aliichonga walipokuwa wachumba, na tangu hapo kila kiatu alichomshonea kilitoka kwenye jozi hiyo. Hakumpima tena. Alisema kumpima mke wako mara mbili ni kumfanya kama mpita njia.

Mkewe aliitwa Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja na kuanza kugombana siku hiyo hiyo. Alifanya kazi mtaa wa pili, katika karakana ya sare za shule. Yeye ndiye aliyekata vitambaa. Alisimama mbele ya meza ndefu tangu asubuhi mpaka saa kumi, mkasi mkubwa mkononi, chaki sikioni. Wenzake walimtania kwa jina la Bango, maana alitembea akimtangaza mumewe. Leo viatu vyekundu, kesho vya kahawia, keshokutwa vyenye vifungo vya shaba, vyote vimechongoka mbele kama penseli. Watu waliviona, wakauliza vimeshonwa wapi, wakaenda kwa Fundi.

Hawakuona kilichofanyika chini ya meza. Huko Mama Pacha alivivua taratibu, akakunjua vidole kimoja kimoja. Kidole gumba kilikuwa kimemlalia mwenzake. Pembeni pake palitokeza kifundo chekundu. Vidole vidogo vilikuwa na sugu ngumu kama punje za mahindi. Jioni alirudi nyumbani akishikilia kuta.

Hakuwahi kumwambia mumewe. Alimwonea huruma, na yeye mwenyewe alijivunia viatu vile. Mambo hayo mawili yalimfunga mdomo kwa miaka kumi na miwili.

Kila mwaka chama cha mafundi kilifanya maonyesho. Kila fundi viatu alipanda jukwaani na mtu mmoja wa nyumbani kwake, amevaa kazi yake. Fundi alipanda na Mama Pacha siku zote. Mwaka huu, wiki saba kabla ya maonyesho, alimshonea viatu vya rangi ya zambarau, akamwambia avivae kazini ili vilainike.

Asubuhi ile Mama Pacha aliingiza mguu wa kulia. Ukakataa. Akasukuma. Machozi yakamtoka bila ruhusa yake. Akaviweka viatu mezani, vimeelekea ukutani, akachukua mkoba akatoka.

Fundi alitema misumari kiganjani. “Umesahau viatu.”

“Sijasahau.”

“Unakwenda kazini hivyo?”

“Nakwenda kwa miguu yangu, Baba Pacha. Mimi na viatu basi.”

Fundi alidhani mkewe amekasirishwa na jambo fulani, na kwamba hasira itapoa kufikia jioni. Jioni Mama Pacha alirudi bado yuko peku, tena akichechemea. Alikuwa amefanya makosa mawili kwa siku moja. Kwanza, mchana alivuka barabara ya lami wakati jua linawaka, na nyayo zake, ambazo zilikuwa laini kama za mtoto, zikatoka malengelenge. Pili, alikanyaga pini. Sakafu ya karakana ya kushonea ina pini kama mchanga. Aliichomoa, akafuta damu kwa kipande cha kitambaa, akaendelea kukata.

Siku ya tatu kisigino kilivimba. Nesi wa zahanati, ambaye nyumba yake ilishiriki ua na ya kwao, alimkuta akianika nguo huku amesimama kwa mguu mmoja. Akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akautazama mguu, kisha akatazama vidole. Alivitazama vidole kwa muda mrefu kuliko kisigino.

“Unasubiri nikwambie uvae viatu,” Nesi alisema.

“Si ndivyo mnavyosema siku zote?”

“Tunasema hivyo kwa sababu watu hawana muda wa kusikiliza maelezo. Wewe unao?”

Mama Pacha alikuwa nao, kwa kuwa hata kusimama hakuweza. Nesi akaeleza pale pale uani. Pini iliyoingia ndani inaweza kuleta pepopunda. Wadudu wa ugonjwa huo hukaa kwenye udongo na vumbi, na jeraha dogo lenye kina ndilo wanalolipenda. Ukichomwa, osha kwa maji mengi na sabuni, halafu nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usisubiri uvimbe. Anayetaka kutembea peku achanjwe kwanza, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Kisha kuna minyoo ya safura. Hutoka kwenye kinyesi kilichoachwa ardhini, na watoto wake hupenya ngozi ya mguu bila kubisha hodi. Wakishafika tumboni hunyonya damu, na mtu akabaki kuchoka bila kujua kwa nini. Kwa hiyo choo kiwe na sakafu inayooshwa, na sehemu chafu zenye unyevunyevu zisikanyagwe.

Nesi akaongeza jambo moja kwa ukali. Mwenye kisukari asijaribu kabisa. Huyo anaweza kukanyaga kigae asijue, kwa sababu mguu wake umepungua hisia. Akampeleka Mama Pacha zahanati, akamsafisha jeraha, akamchoma sindano, akampima sukari. Sukari ilikuwa sawa.

“Sasa anza upya, na uanze kama mtu mwenye akili,” Nesi alisema. “Ngozi haijifunzi kwa siku moja.”

Kisigino kilipopona, Mama Pacha akaanza kama alivyoelekezwa. Kwanza ndani ya nyumba. Halafu robo saa uani, kisha nusu saa. Wiki zile za mwanzo kwenda kazini alivaa kandambili pana za mumewe, akazivua akifika. Aliondoka mapema kabla jua halijapanda na kurudi kwenye upande wa kivuli. Kila jioni aliosha miguu, akaikausha mpaka katikati ya vidole, akatazama nyayo kwa kioo kidogo, akapaka mafuta ili visigino visipasuke magaga. Mabinti waligombania kushika kioo.

Kuhusu pini alitumia akili yake mwenyewe. Alitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kwenye mpini wa ufagio. Kila asubuhi na kila baada ya chakula aliipitisha chini ya meza zote. Pini zikatoka zimeshikana kama nyuki, akazitia kwenye kopo. Msimamizi wa karakana alikuwa ameshaanza kusafisha koo ili amkataze kukaa peku kazini. Akaliangalia kopo la pini, lililokuwa limejaa nusu, akaishia kukohoa.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Kinyozi wa mtaani alimuuliza Fundi kama ngozi imeadimika. Mama mmoja alikuja kuchukua viatu vyake kabla havijakwisha. Alisema kiatu kilichomkimbiza mke wa fundi, yeye atakiweza wapi. Baada yake wakaja wengine wawili, maneno yale yale. Fundi hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulijaa nyumba nzima, kwa sababu sasa alinyamaza hata bila misumari.

Nesi akaja Jumapili moja asubuhi. Akaomba kipande cha boksi na chaki.

“Shemeji, mpime mkeo,” alisema.

“Nina kalibu yake.”

“Sikuuliza una nini. Nimesema mpime. Na asimame.”

Fundi akatandika boksi sakafuni. Mama Pacha akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Fundi akapiga magoti akazungusha chaki, taratibu, kama alivyofanya kwa maelfu ya watu. Alipomaliza akachukua kalibu iliyong'aa kutoka juu ya kabati, akaiweka ndani ya mchoro. Mchoro ukabaki wazi upana wa kidole kila upande, na mbele zaidi ya hapo. Akaigeuza kalibu. Akaiweka tena. Mti haukunenepa.

Nesi akamweleza kwa upole. Mimba hulegeza kano, na mwanamke akibeba watoto, tena wawili kwa mpigo, miguu hutanuka na mara nyingi hairudi. Miaka nayo hutanua miguu ya kila mtu. Na zamani zile, Fundi mwenyewe akakiri, alimpima mchumba wake akiwa amekaa, kwa haya. Mguu uliokaa hauna mzigo, ni mdogo. Mguu wa kweli ni ule uliosimama, tena jioni, baada ya kazi. Na upimwe wa kulia na wa kushoto, maana hailingani.

Fundi alibaki amepiga magoti.

“Viatu vyote hivi nimemshonea mchumba wangu,” alisema. “Mke wangu sijamshonea hata kimoja.”

Wiki ile alichonga kalibu mpya, pana mbele kama mguu wenyewe. Akashona viatu vya ngozi laini, akavileta mikononi mwake. Mama Pacha akavivaa. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Hakuna kilichobana, hakuna kilichouma. Akakaa akavivua.

“Ni vizuri kuliko vyote ulivyowahi kushona,” alisema. “Uza. Mimi sivitaki.”

“Vinabana wapi?”

“Havibani popote. Mwanzo nilikimbia maumivu, Baba Pacha. Sasa sikimbii kitu. Vidole vyangu vinashika ardhi. Nasimama siku nzima na mgongo hauniumi. Nikikanyaga najua nimekanyaga nini. Nimepapenda chini, na nitabaki chini.”

“Na maonyesho?”

“Nitakuja. Nitakuja hivi.”

Fundi akarudi kwenye kigoda chake. Siku mbili aligonga misumari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Siku ya tatu hakugonga kabisa. Mama Pacha aliporudi kutoka kazini alimkuta nyuma ya nyumba, suruali imekunjwa, mikono imejaa saruji. Alikuwa ameisakafia sakafu ya choo, laini, yenye mteremko wa kupitisha maji, na mlangoni ameweka pipa lenye bomba na sabuni ya kuoshea miguu. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Alisema tu watu wasipite mpaka ikauke, na pacha wawe wa kwanza kusikia.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mafundi walipanda mmoja mmoja. Huyu na mwanawe katika buti, yule na mamake katika ndara za shanga. Jina la Fundi lilipoitwa, alipanda na boksi kubwa kwapani. Mama Pacha alimfuata, gauni lake amelipiga pasi likanyooka, kichwa juu, miguu mitupu ikipiga mbao za jukwaa bila haraka. Kicheko kikaanza mstari wa mbele kikaenda mpaka nyuma. Mtu akauliza kwa sauti kama Fundi amesahau alichokuja kuonyesha.

Fundi alisubiri kicheko kiishe. Kisha akasema, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba alimshonea mke wake viatu vya kumuumiza kwa miaka kumi na miwili, kwa sababu hakumpima tena. Kwamba hapo ukumbini hakuna mguu hata mmoja uliobaki kama ulivyokuwa miaka kumi iliyopita. Kwamba kuanzia leo hashoni kiatu cha mtu ambaye hajasimama juu ya boksi lake. Akalitandika.

Halafu mama mmoja mnene akapanda, akavua viatu vyake, akauma midomo kwa maumivu ya kuvivua, akasimama. Fundi akapiga magoti akachora. Akaweka kiatu cha mama yule juu ya mchoro, na ukumbi mzima ukaona kilichobaki nje. Hapo watu wakaanza kupanga foleni. Mama Pacha ndiye aliyewasimamisha vizuri. Aliwaambia waachie vidole, waache uzito uende kwenye miguu yote miwili. Wenye kutaka kutembea peku kama yeye aliwaeleza habari ya chanjo, ya choo safi na ya kioo cha jioni. Na wenye kisukari aliwakatalia waziwazi, akawaambia viatu vyao ni dawa yao.

Saa zikapita. Foleni haikupungua. Katikati ya kazi, msichana mmoja aliyesubiri zamu yake alimtazama Mama Pacha miguuni, akamwuliza kwa adabu mama viatu vyake ameviweka wapi, asije akaibiwa.

Mama Pacha alifungua mdomo kujibu, lakini mumewe alimtangulia. Alikuwa chini, magoti yake meupe kwa chaki, na aliinua uso ili wa mstari wa nyuma pia wasikie.

“Mke wangu havai viatu,” alisema, kwa sauti ile ambayo wanaume wengine husemea kwamba mke wangu ni daktari.

Kisha akakunjua boksi jipya. “Aje mwingine.”