Masaa Manne Hewani

Ofisi ya tiketi ilifurika siku hiyo, hata pa kuweka mguu hapakuwa. Nyuma ya kioo alikaa mkata tiketi, blauzi ya njano, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Fundi wa lifti, shati lake limenyooka pasi hadi kola, akainama dirishani.

"Dada, kutoka uwanja wetu hadi huko ninakokwenda ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita elfu saba na mia mbili. Ndege inakwenda mia nane kwa saa. Gawanya."

"Nitakosea. Nigawie wewe."

"Masaa tisa. Haya, mwingine!"

Kumbe hakuwa na haraka. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, kila mara na swali jipya la kilomita, mpaka wakata tiketi wenzake yule dada wakambandika jina: Bwana Umbali. Siku aliposafiri kwenda kazini kwa miaka miwili, mkata tiketi alilia hadi wanja ukamshuka mashavuni.

Mwaka mzima wakapendana kwa simu. Ndipo siku moja Bwana Umbali akapiga mchana, sauti imemchangamka.

"Malkia wangu, kesho nakuja likizo!"

"Weee! Usinitanie!"

"Haki ya nani! Masaa manne tu hewani, nipo mbele yako."

Furaha ikamkauka mkata tiketi mdomoni. Manne? Mia nane mara nne ni elfu tatu na mia mbili. Hizo elfu nne nyingine zimekwenda wapi?

"Unatokea wapi wewe?"

"Si... huku huku, mpenzi."

Akamkatia simu.

"Ana mwanamke," alimwambia dada yake, machozi yakimlenga.

"Kamuulize uso kwa uso. Tena vaa lile gauni jekundu, ajue anachopoteza."

Akalivaa. Bwana Umbali alitokea kwenye mlango wa wanaowasili na begi moja, anacheka peke yake.

"Nani anaishi kilomita elfu tatu na mia mbili kutoka hapa?"

Kicheko kikamwisha. "Umepiga hesabu."

"Ndiyo kazi yangu!"

"Ninaishi mimi, peke yangu. Kampuni ilifungua tawi huko miezi mitatu iliyopita, nikaomba kuhamia. Usimamizi wakanivua, nimerudi kuwa fundi wa kawaida. Nilijua utanigombeza kwa kuacha cheo, nikanyamaza."

"Na ulikiacha kwa nini?"

"Kwa sababu huko ni karibu na wewe." Akatoa barua mfukoni: uhamisho wa pili, tawi la mji huu huu, kuanzia mwezi ujao. Akatoa na pete. "Nyembamba, najua. Utakubali nikuoe hivi hivi?"

Mkata tiketi aliisoma barua mara mbili, na mhuri akaukagua.

"Mjinga wewe! Miezi mitatu unanificha kilomita elfu nne!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na nimekubali. Ila ukichelewa kurudi nyumbani, nitapima umbali na mwendo wako, na visingizio vya foleni barabarani sivitaki."

Bwana Umbali alikuwa bado amesimama pale pale, pete mkononi. Kati yao palikuwa na hatua tatu na begi.

"Sasa," akauliza mkata tiketi, "mbona umesimama mbali hivyo?"