Lakiri Laki Nne

"Shangazi ameondoka. Mfungie mlango."

Ujumbe uliingia saa tatu na nusu asubuhi. Jasusi waliyemwita Bubu aliusoma mara moja, akaufuta. Shangazi huyo alikuwa lori. Wenzake hutumiwa salamu na shangazi zao. Yeye, mwaka wa tatu huu, ndugu pekee aliyemsikia alikuwa na matairi kumi na nane.

Lori lilibeba insulini bandia. Lakiri ya kontena, muhuri wa mlango wenye namba, nayo ilikuwa bandia, moja kati ya laki nne walizochapa wasafirisha magendo, na hakuna aliyejua ni ipi. Mtunza stoo wao alihatarisha maisha yake kuiba orodha ya namba zote. Zikiingia kwenye kanzidata, mashine ya geti la ukaguzi barabarani itaitambua lakiri na geti halitafunguka. Zisipoingia, lori litafika mjini.

Mjini aliishi mama yake, anayejichoma sindano kila asubuhi.

Bubu aliweka bastola yake ya Glock pembeni, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad, akawasha skripti yake ya Python, programu fupi ya kuingiza namba. Mistari arobaini kwa sekunde, kila mstari namba moja. Akapiga hesabu. Kazi ingechukua karibu saa tatu nzima.

Simu ikaita. Mkuu.

"Shangazi yuko dakika thelathini kutoka getini."

"Nimesikia."

"Utawahi?"

"Nitawahi."

Alidanganya.

Kosa lilikuwa lake. Skripti ilipeleka mstari mmoja, ikauthibitisha, ikasubiri jibu, ndipo ikachukua mwingine. Aliiandika hivyo makusudi. Zamani umeme ulikatika katikati ya kazi, nusu ya orodha ikapotea, na mwenzake akauawa getini. Tangu hapo hakuamini kitu mpaka akithibitishe, mashine wala watu. Chumba chake kilikuwa na kiti kimoja.

Aliisimamisha, akafuta namba zilizokwisha kuingia, akaibadilisha. Mistari elfu tano kwa mkupuo. Uthibitisho mmoja tu, mwishoni. Umeme ukikatika kabla ya hapo, atabaki mikono mitupu.

Aliogopa.

Akabonyeza.

Mikupuo ishirini. Hamsini. Taa ya dari ikafifia, ikarudi. Sabini na tisa. Themanini.

Imethibitishwa. Sekunde arobaini na moja.

Saa nne na dakika tano Mkuu akapiga tena. Shangazi kabanwa getini, dereva kanyoosha mikono juu. Akakata bila hata kuuliza hali.

Bubu alikaa akiitazama simu. Kanuni ilikataza kupiga nyumbani. Akabonyeza namba aliyoihifadhi moyoni.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Akaibadilisha sauti. "Ni wa kliniki, mama. Leo umeshachoma dawa?"

"Nimechoma, baba. Nimebakiwa na kichupa kimoja, mchana nitakwenda kununua."

"Kanunue tu, mama. Dawa ni nzima."

"Ahsante. Mwanangu mwenyewe hanipigii, lakini ninyi hamnisahau."

Akamtakia siku njema, akakata.

Alitoa laini, akaivunja vipande viwili. Akafunga ThinkPad, akachomeka Glock kiunoni, akashuka ngazi na kujichanganya na watu, mkono mmoja mfukoni.